Nimejifunza kusoma picha za ubongo mtandaoni, sasa hospitali nzima inanitegemea

BARUA

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni daktari wa kawaida, si bingwa, katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa huku Nyanda za Juu Kusini. Ni mama wa watoto wawili, na mama yangu mzazi ninaishi naye tangu alipopata kiharusi. Naomba jina langu na la hospitali yetu yasitajwe.

Tulipoletewa mashine ya CT scan tulifurahi sana, kwa sababu hapo awali mgonjwa aliyeumia kichwa ilibidi asafirishwe hadi mkoa mwingine ili tu ijulikane kama damu imevujia ndani ya fuvu. Wataalamu wa mionzi wa kuiendesha mashine tunao, lakini daktari bingwa wa radiolojia, yaani wa kuzisoma picha hizo, hatuna. Picha hutumwa kwa mtandao kwa mabingwa wa hospitali kubwa, na ripoti hurudi kesho yake, wakati mwingine keshokutwa. Mgonjwa aliyeletwa saa nane za usiku hawezi kusubiri hadi keshokutwa.

Ndiyo maana nilianza kujifunza mwenyewe. Watoto wakishalala, hufungua kesi za Radiopaedia, ile maktaba huria iliyoanzishwa mwaka 2005 na daktari Frank Gaillard wa Australia, na baadaye nilijiunga pia na madarasa ya jioni ambayo bingwa huendesha kwa njia ya kesi. Unapewa umri wa mgonjwa na malalamiko yake, unapitisha picha moja baada ya nyingine kuanzia chini ya fuvu hadi utosini, unaandika jibu lako, kisha unaonyeshwa jibu lenyewe na sababu zake. Nilijifunza kwamba damu mbichi huonekana nyeupe. Kwamba ikikaa kati ya fuvu na utando mgumu huchukua umbo la lenzi, na ikikaa chini ya utando huo hutambaa juu ya ubongo kwa umbo la hilali. Kwa kweli nimeyapenda masomo haya kuliko nilivyowahi kupenda somo lolote chuoni.

Usiku mmoja aliletwa kijana wa bodaboda aliyeanguka. Alifika akizungumza, akataja jina la mkewe na namba yake ya simu, kisha baada ya muda akaanza kusinzia. Nilipoitazama picha yake niliiona lenzi ile nyeupe juu ya sikio la kushoto, na mstari wa kati wa ubongo umesukumwa kwenda kulia. Nilipiga simu, tukamsafirisha usiku uleule, akafanyiwa upasuaji, na leo anaendesha pikipiki yake. Tangu siku hiyo, kila picha ya kichwa inayopigwa usiku huniita, niwe zamu au nisiwe zamu.

Lililonifanya nikuandikie ni jingine. Juzijuzi alikuja mama mmoja mwenye maumivu makali ya kichwa yaliyomwanza ghafla siku mbili kabla. Nilitazama picha zake zote, sikuona kitu. Mwenzangu wa zamu akaniambia, "Basi andika kwamba ni ya kawaida, tumruhusu." Nilikataa kuandika. Nilimwambia kwa mdomo tu kwamba sijaona damu, na mgonjwa akaruhusiwa. Hadi leo sijui aliendeleaje. Kwenye kesi za mtandaoni jibu huja palepale. Hapa kwetu jibu haliji.

Sasa Mganga Mfawidhi anataka niwe ndiye msomaji wa picha za kichwa wa hospitali, nami sina cheti chochote cha kazi hiyo. Dada yangu anasema niombe nafasi ya kusomea ubingwa, miaka 3, Dar es Salaam, lakini mama na watoto nitawaacha na nani, na picha za usiku atazisoma nani? Mume wangu anasema niache kabisa kabla sijapelekwa kwenye Baraza la Madaktari. Wenzangu wengine huona jibu rahisi: hupiga kioo cha kompyuta kwa simu na kutuma kwenye kundi la WhatsApp lenye mabingwa, mimi nimesita. Najiuliza kama ninachokijua ni elimu au ni mazoea ya kubahatisha mafumbo. Nisaidie.

Daktari wa Nyanda za Juu


JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo unaoubeba. Nilifanya kazi wodini miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua hizi, na najua jinsi simu ya saa nane za usiku inavyomkuta daktari peke yake.

Nikikuelewa vizuri, una maswali matatu ambayo umeyafunga pamoja. La kwanza ni kama ulichojifunza ni elimu ya kweli. La pili ni neno lako litachukuliwa vipi hospitalini, na nani atawajibika kwalo. La tatu ni maisha yako: mama, watoto, masomo. Ninadhani yamekulemea zaidi kwa sababu unataka jibu moja liyatoshe yote matatu, kwa hiyo niruhusu niyatenganishe.

Nianze na yule mama wa maumivu ya kichwa, maana ndiye anayekunyima usingizi. Unajiuliza kama macho yako yaliona sawasawa. Mimi ningeuliza kwanza kuhusu saa. Uliandika kwamba maumivu yalimwanza ghafla siku mbili kabla. Utafiti mkubwa wa Kanada uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu wagonjwa wa namna hiyo ulionyesha kwamba CT iliyopigwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, kwa mashine ya kisasa na ikasomwa na watu waliozoea kazi hiyo, iliwakamata wote waliokuwa wamevuja damu kwenye nafasi inayouzunguka ubongo. Baada ya saa hizo 6 uwezo huo ulishuka hadi takriban asilimia 86, na kadiri siku zinavyopita damu huzidi kuchanganyika na maji ya ubongo na kupoteza weupe wake. Maana yake ni kwamba hata kama angeisoma bingwa wa Muhimbili mwenyewe, picha safi ya siku ya pili isingetosha kumrudisha mama yule nyumbani. Ilihitajika kufikiria kipimo cha maji ya uti wa mgongo, au picha ya mishipa ya damu pale inapopatikana.

Sisemi kwamba alikuwa na damu. Maumivu mengi ya kichwa, hata makali, yana sababu nyingine. Ninachokuonyesha ni kwamba mwenzako alikuuliza maswali mawili kwa sentensi moja: picha ikoje, na mgonjwa aende au abaki. Ulilazimika kujibu la kwanza tu, na la pili likajijibu lenyewe bila mtu kulibeba. Huko si kushindwa kwa macho yako, na kesi nyingine elfu za mtandaoni zisingekuponya hofu hiyo. Tena, jibu la mama yule bado linapatikana. Daftari la idara ya dharura kwa kawaida huwa na namba ya simu ya mgonjwa au ya ndugu yake. Mpigieni, wewe au mwenzako, mumuulize hali yake, na kama kichwa bado kinamsumbua mumwombe arudi.

Hapa naomba nikuulize jambo kwa upole. Ulikataa kuandika, na nadhani ulihisi kwamba kwa kukataa ulikuwa umejiweka kando. Lakini mwenzako alilitumia neno lako la mdomo kama vile angelitumia la maandishi, isipokuwa neno la mdomo halina saa, halina mipaka, na halimwelezi daktari wa asubuhi kwamba maumivu yalianza lini na nini hakikuweza kuondolewa shaka. Je, inawezekana kwamba maandishi, yakiandikwa kwa uangalifu, yangekulinda wewe na mgonjwa kuliko kimya? Nakuachia ulitafakari, kwa sababu nafahamu pia hofu ya mumeo, na si hofu ya bure.

Sasa nije kwenye swali lako la elimu au mafumbo. Kijana wa bodaboda alijibu nusu yake. Kuliona umbo la lenzi, kulihusisha na mgonjwa aliyefika akizungumza kisha akasinzia, na kuelewa kwamba mstari wa kati uliosukumwa hauvumilii hadi asubuhi, hiyo ni elimu, na uliipata kwa njia halali. Kujifunza kwa kesi hufundisha jambo ambalo kitabu hakiwezi: hukulazimisha ujifunge kwa jibu kabla hujaambiwa, na hapo ndipo jicho hujengeka.

Hata hivyo kesi hizo zina tabia ambazo lazima uzijue. Mtu aliyezichagua alizichagua kwa sababu zina kitu. Ukizifanya kwa miezi mingi, akili huzoea kwamba kila picha inaficha ugonjwa, nawe utaanza kuona damu mahali palipo na chokaa tu: kwenye tezi ya pineali, kwenye vishada vya mishipa midogo ya damu vilivyo ndani ya vyumba vya ubongo, kwenye viini vya ndani vya watu wazima. Unajua kwamba mashine inaweza kukupimia: kwa kipimo cha Hounsfield, kinachoonyesha kitu kimezuia mionzi kiasi gani, maji ni 0, damu mbichi iliyoganda kwa kawaida huwa kati ya 50 na 80, na chokaa hupita 100. Lakini nani alikufundisha kuutazama ubongo mzima wa mtu wa miaka 70, uliosinyaa kama umri wake unavyoruhusu, ukasema kwa utulivu kwamba ni wa kawaida? Kesi za namna hiyo ni chache mtandaoni, ilhali ndizo nyingi hospitalini. Ningependa ujitafutie hizo. Pitia picha za zamani za hospitali yenu ambazo ripoti zake zilirudi zikisema hakuna tatizo, uzisome kana kwamba hujui.

Na kuna ugumu wa upande wa pili, ambao ndio ninaouogopa zaidi. Chukua mzee aliyeteleza shambani wiki mbili zilizopita, sasa anachanganya majina ya wajukuu, na ndugu wanasema ni uzee. Damu iliyo chini ya utando mgumu hupoteza weupe wake kadiri siku zinavyopita, na kati ya wiki ya kwanza na ya tatu hivi inaweza kufanana rangi kabisa na ubongo. Ikiwa upande mmoja, mstari wa kati uliosogea utakustua. Ikiwa pande zote mbili kwa usawa, hakuna kinachosogea. Picha huonekana nzuri mno: mikunjo imebanwa, mifereji ya juu haifiki kwenye fuvu, vyumba vya ubongo ni vidogo kama vya kijana. Ubongo wa mzee unaoonekana wa kijana si habari njema. Hapo ndipo utaratibu unaposhinda vipaji: kila picha, hata ukishaona ugonjwa wa kwanza, pitia damu, kisha visima vya maji chini ya ubongo, kisha ubongo wenyewe pande zote mbili ukilinganisha, kisha vyumba vyake, kisha mifupa kwa dirisha la mifupa, yaani mpangilio wa mwangaza unaoionyesha mifupa vizuri.

Unasema huna cheti, nami sikudharau jambo hilo. Lakini naona umedhani kwamba bingwa hana hofu unayoihisi. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo mabingwa 24 wa radiolojia waliombwa kutafuta vinundu katika picha za CT za mapafu, na ndani yake ikawekwa picha ya sokwe, kubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Mabingwa 20 hawakumwona. Hawakuwa wazembe, walikuwa wanatafuta kitu kingine. Ubingwa utakupa miaka 3 ya kukosolewa kila siku na mtu aliyekaa kiti cha jirani, na hilo ni kubwa. Hautakupa macho yasiyopitwa na kitu.

Kuna pia suala la magonjwa ya huko kwenu. Kesi nyingi unazosoma zimetoka Australia, Ulaya na Amerika Kaskazini. Wewe uko kwenye mikoa yenye ufugaji mwingi wa nguruwe, ambako mtu mwenye kifafa kilichoanza ukubwani anaweza kuwa na viluwiluwi vya tegu ya nguruwe kwenye ubongo, vingine hai vikiwa na kinukta cha kichwa ndani ya kifuko cha maji, vingine vimekwisha kufa na kubaki punje za chokaa. Una wagonjwa wa uvimbe wa kifua kikuu wa ubongo, na wenye VVU wanaopata toksoplazma, maambukizi ya kimelea kwenye ubongo. Mabonge haya hufanana, na tiba zake hazifanani hata kidogo. Kwa hiyo mwalimu wako bora kwa baadhi ya mambo si mtandao bali kabati la picha la hospitali yenu wenyewe, likiunganishwa na faili za wagonjwa.

Kuhusu WhatsApp, kusita kwako naona kuna msingi. Picha moja iliyopigwa kwa simu ni kipande kimoja cha uchunguzi mzima, kwa dirisha moja tu, mara nyingi ikiwa na mng'ao wa taa ya chumba. Bingwa anayejibu kwa wema wake anajibu kuhusu kipande hicho, na mnaosoma jibu mnalichukua kana kwamba ameona vyote. Pembeni mwa kioo pia pana jina la mgonjwa na umri wake, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya si jambo la kusambazwa kwenye simu za watu wasiojulikana idadi. Pamoja na hayo sitakuambia usimpigie kamwe bingwa unayemjua usiku mgonjwa anapozidiwa. Nakuomba tu ufikirie kama njia hiyo inaweza kurasimishwa: bingwa mmoja au wawili wanaojulikana, uchunguzi mzima utumwe, jina liondolewe.

Sasa njia zilizo mbele yako. Unaweza kuacha, kama mumeo anavyoomba. Utalala usiku, na hakuna atakayekuuliza kitu. Hatari yake unaijua kuliko mimi, kwa sababu kijana wa bodaboda hakuwa wa mwisho.

Unaweza kuendelea, lakini si kwa jina la msomaji wa picha wa hospitali, kama Mganga Mfawidhi anavyotaka, bali kwa makubaliano ya maandishi kwamba unatoa maoni ya awali ya dharura yanayosubiri ripoti ya bingwa. Fomu fupi ingetosha: je, kuna damu, je, mstari wa kati umesogea, je, vyumba vya ubongo vimetanuka, je, visima vya chini viko wazi, halafu saa, jina lako, na mstari mmoja unaosema nini hakijaondolewa shaka. Kwa mgonjwa wa kiharusi aliyefika mapema ungeandika kwamba kutoonekana kwa damu hakumaanishi hakuna kiharusi, kwani saa za mwanzo CT inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Ripoti ya bingwa ikirudi, iwekwe kando ya maoni yako, na panapotofautiana mgonjwa atafutwe siku hiyohiyo. Hivyo ungepata kile unachokililia, jibu linalorudi. Hatari yake ni kwamba maoni ya awali hugeuka ya mwisho taratibu, kwa sababu watu wamechoka na ripoti imechelewa. Na kwamba hospitali iliyopata mtu mmoja anayeweza husahau kutafuta wa pili. Ningependa uulize, kabla ya kukubali, nani atakayeshika simu usiku ambao si wa zamu yako, na kama unaweza kuwafundisha wenzako wawili watatu angalau lenzi na hilali.

Katikati kuna njia ambayo hukuitaja: kuomba ruhusa ya wiki kadhaa ukakae kwenye chumba cha kusomea picha cha hospitali kubwa, kando ya bingwa, bila kuhamisha nyumba. Haitakupa cheti cha ubingwa. Itakuonyesha kama kazi hii ungeipenda pia mchana, kwenye picha ya mia ambayo haina kitu, kwa sababu kupenda kesi za kuvutia usiku na kupenda kazi yenyewe vinaweza kuwa mapenzi mawili tofauti.

Na kuna ubingwa wenyewe. Uliandika swali la mama na watoto kana kwamba limekwisha kujibiwa, ila sikusoma popote kwamba umemuuliza mama yako. Wazazi waliougua hukerwa mara nyingi na kufanywa sababu ya mtoto kutosonga mbele, na wengine, ni kweli, huogopa kuachwa na hawasemi. Wewe ndiye unayemjua. Muulize pia dada yako, aliyekushauri uende Dar es Salaam, kama ushauri wake unakuja na chumba cha mama kwake. Zungumza na mumeo wakati ambao si usiku wa simu, umsikilize anaogopa nini hasa: kesi mbele ya Baraza, au mke asiyelala. Majibu ya mambo hayo mawili hayafanani, na fomu yenye saini ya Mganga Mfawidhi inaweza kumtuliza kwa moja na isimsaidie kwa jingine.

Ukiamua kuomba nafasi ya masomo, ulizia mapema ruhusa ya mwajiri na ufadhili, maana mara nyingi hivyo ndivyo huchukua muda kuliko maombi ya chuo yenyewe. Ukiamua kungoja mwaka mmoja, tuandikie jinsi uongozi ulivyoipokea fomu ya maoni ya awali na nini kilibadilishwa, ili tuwaeleze madaktari wengine wa mikoani walio mbele ya kioo kama chako.